Mchwa, Mfanyakazi Hewa Wangu

Kama wiki iliyopita gazeti lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, nitakudokezea kidogo ili usipotee.

Mimi ni karani wa malalamiko katika ofisi ya maji. Kutwa nzima watu huja dirishani kwangu kuniambia bomba limekauka, nami huwaambia mafundi wako njiani. Mara nyingi mafundi huwa nyuma ya ofisi wanakunywa chai.

Nikitoka hapo nina kazi nyingine isiyo na mshahara. Mimi na wenzangu tumeuchukua mchezo mmoja wa kompyuta, mchezo wa zimamoto uliotengenezwa ughaibuni, na tunaubadilisha uwe wa kwetu: vichochoro badala ya barabara pana, mabati badala ya maghorofa ya vioo, na watu wanaopiga mayowe ya moto kwa Kiswahili. Kazi ya namna hii wenyewe tunaiita modi. Hakuna anayelipwa. Kila mtu anatoa jasho lake kwa mapenzi, na mapenzi, kama ujuavyo, yana siku zake za kununa.

Nimekwisha kukusimulia tulivyoanza kumi na mmoja tukabaki wanne. Mmoja alitaka tuongeze helikopta, mwingine mafuriko, wa tatu akataka harusi ndani ya mchezo, na hakuna aliyetaka kuumaliza ule mtaa mmoja tuliouanza. Ndipo nikaleta ubao.

Ubao wenyewe uko mtandaoni, kila mtu anauona kwa simu yake. Kila kazi ina kadi. Ukiitaka kazi unaandika "nimeshika", na huruhusiwi kushika mbili, maana mshika mawili moja humponyoka. Ukimaliza unaandika "imekamilika", kadi inageuka kijani.

Na nikaweka sheria moja niliyojivunia kuliko zote. Kadi iliyokamilika haifunguliwi tena mpaka uandike sababu, na sababu hiyo inaingia kwenye simu ya kila mmoja wetu hapohapo. Nilikuwa nimechoka na watu wa kusema wamemaliza wakati hawajamaliza.

Kwa ajili hiyo wakaniita Mama Ubao. Nina miaka thelathini na minne, sina mtoto hata wa kusingiziwa, lakini jina likanata.

Waliobaki ni Cheche, mchomeleaji wa mageti, ambaye ndiye anayetuandikia programu. Yuko Nesi wa zahanati, anayeigiza sauti zote za kike na kuujaribu mchezo kila tunapoongeza kitu. Na yuko Mwalimu, mstaafu wa miaka sitini na mitatu, mgane, anayeandika mazungumzo yote ya watu wa mtaani.

Wa tano ni Mchwa. Mchwa hayupo duniani. Mchwa ni mimi.

Hapo ndipo nilipokuachia wiki iliyopita. Cheche alikuwa amekaa Jumapili tatu bila kuleta kitu, Nesi kila siku ana zamu, na mimi nikafungua akaunti ya pili. Nikawatangazia kwamba tumepata kijana anayeishi mbali, mwenye simu mbovu isiyopokea sauti, anayeandika tu. Nikawa namfanyia kazi zake wakati wa chakula cha mchana.

Watu wa aina hiyo serikalini huitwa wafanyakazi hewa. Wapo kwenye orodha, hawapo kwenye kiti. Nilijifariji kwamba wa kwangu hachukui mshahara na kazi anaifanya, kwa hiyo dhambi yake ni nusu.

Na dawa iliingia mwilini, nisikufiche.

"Mchwa kafunga kadi saba wiki hii," Cheche alisema Jumapili moja. Huwa tunakutana kwa simu saa tisa alasiri, wote kwa pamoja. "Saba! Mimi nina moja, na hiyo moja ina kutu."

"Huyo mtu analala saa ngapi?" Nesi akauliza.

"Ukimwona mchwa amelala ujue kafa," nikasema mimi, bila haya.

Wakacheka. Jumapili iliyofuata Cheche akaleta tano. Nesi akarekodi sauti za wanawake wanne, pamoja na bibi mmoja mkali aliyenifanya nicheke ofisini mpaka mteja akaniuliza kama maji ya bure yametoka.

Kisha Cheche akaja na hoja.

"Mama Ubao, usininunie. Napendekeza Mchwa awe kiongozi wetu."

"Kiongozi?"

"Wewe unatusukuma, sawa. Yeye anatuvuta. Mimi mwenyewe nikitaka kulaza damu namkumbuka yule kijana na simu yake mbovu, naona aibu."

"Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo," Mwalimu akaongeza kwa ile sauti yake ya darasani. "Huyu hayupo na lake lipo. Naunga mkono hoja."

Nesi naye akaunga mkono. Kura tatu kwa moja, nimepinduliwa na mtu niliyemzaa mwenyewe.

Nilikuwa na simu ya pili mapajani. Nikaandika kwa jina la Mchwa: "Asanteni, lakini kiongozi tunaye. Bila Mama Ubao hakuna modi. Yeye ndiye nguzo yetu."

"Ona unyenyekevu huo!" Nesi akasema. "Dada, umesoma? Kijana anakuheshimu kweli."

Nyuma yangu nikasikia kicheko. Alikuwa shemeji, mume wa dada yangu, ninaoishi nao nyumba moja. Alikuwa anapiga pasi mashati yake sebuleni na alikuwa ameona simu zote mbili.

"Nimeona watu wakivikwa kilemba cha ukoka," alisema nilipokata simu, "lakini anayejivika mwenyewe ndiyo kwanza leo."

"Shemeji, angalia shati lisiungue."

"Shati langu naliona. Wewe angalia ya kwako. Njia ya mwongo fupi."

Nikamcheka. Siku hizo nilikuwa bado nacheka. Sasa nafika mahali ambapo sicheki.

Mwalimu alikuwa ameanza kumwandikia Mchwa pembeni, wao wawili tu. Mwanzoni ilikuwa kumsahihisha lugha. Baadaye akawa anaandika kila jioni baada ya taarifa ya habari: habari za marehemu mke wake, za paa linalovuja, za jirani anayefuga kuku wasio na adabu. Na kila asubuhi, kabla sijafungua dirisha la ofisi, nakuta neno lake: "Umeamkaje, kijana wangu?"

Ningejibu kwa mkato angeacha. Lakini mimi ni mtu ninayesikiliza shida za wengine kutwa nzima, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza nimeamkaje. Nikanogewa. Nikampa Mchwa mgongo mbovu, chumba cha kupanga, na mama mwenye kisukari.

Siku moja akamuuliza Mchwa kuhusu baba yake. Nilikuwa nakula mezani kwangu, mkono mmoja una kijiko. Nikaandika: "Baba alisema michezo ya kompyuta ni ya watu waliokosa akili. Tuliachana hapo."

Ilinichukua sekunde thelathini tu kulibuni neno hilo. Wala halikuwa la baba yangu, Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kumkemea hata paka.

Mwalimu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaandika: "Labda baba huyo anajuta."

Nikajibu: "Labda."

Kuanzia hapo mzee akawaka moto. Kadi tatu kwa siku mbili, na mazungumzo matamu ambayo hatukuwahi kuyapata. Nikasema moyoni, Mama Ubao, wewe unajua kuongoza watu.

Kisha ukaja ujumbe huu, ambao nimeusoma mara nyingi mno kiasi kwamba naweza kukuandikia bila kuutazama:

"Kijana wangu, daktari wa macho amenipa tarehe ya kupasuliwa. Ni presha ya macho. Wananitaka Jumatatu, na baada ya hapo mwezi mzima nisisome wala nisiandike. Nina kadi ya watu wa sokoni iko nusu. Unanishauri nini?"

Msomaji, tulikuwa tumetangaza siku ya kuitoa modi. Tarehe mbili za nyuma tulishazivunja, na watu wanaotufuata mtandaoni walikuwa wanatuita modi ya mwakani. Bila mazungumzo ya sokoni hatukuwa na kitu cha kutoa.

Angemuuliza Mama Ubao, ningemwambia aende. Naapa ningemwambia. Lakini hakumuuliza Mama Ubao. Alimuuliza Mchwa, na Mchwa hana uso wa kuonea haya.

Nikaandika: "Mimi mgongo unaniuma mwaka wa pili sasa, lakini sijawahi kuacha kadi wazi."

Sikumwambia asiende. Hayo ndiyo niliyojitetea nayo kitandani wiki nzima, kwamba sikumwambia asiende.

Akajibu: "Nimekuelewa."

Jumatatu ile hakwenda. Siku kumi baadaye kadi ya sokoni ikageuka kijani, na mimi, kwa jina la Mchwa, nikamtumia picha ya mikono inayopiga makofi. Nilimpigia makofi mtu anayepofuka.

Jumanne ya wiki iliyofuata Nesi alinipigia saa sita mchana. Nilikuwa dirishani, foleni imefika mlangoni.

"Dada, ulijua kwamba Mwalimu alikuwa na tarehe ya upasuaji?"

Hapo Mungu alinipa nafasi mkononi. Nikaitupa.

"Upasuaji gani?" nikauliza.

"Kaja zahanati leo anapapasa ukuta. Jicho la kushoto limekwenda, hilo halirudi tena. La kulia likipasuliwa wiki hii litapona, wakichelewa basi. Nimemhangaikia hospitali wamempa nafasi Alhamisi saa nane. Kakataa."

"Kakataa kwa nini?"

"Ana kadi moja imebaki. Anasema Mchwa anaumwa mgongo mwaka wa pili na hajawahi kuacha kadi wazi. Dada, huyo Mchwa ni mtu wa namna gani?"

Mama mmoja aliyekuwa mbele ya foleni akagonga kioo.

"Mwanangu, na bomba langu?"

"Mafundi wako njiani, mama," nikasema.

Siku hiyohiyo saa kumi na moja tukakutana kwa simu, watatu tu, bila Mwalimu. Nesi hakupoteza muda. Akafungua kadi ubaoni: Kumpeleka Mwalimu hospitali Alhamisi.

"Kadi kubwa hiyo," Cheche akasema. "Igawe, ndivyo Mama Ubao alivyotufundisha."

Nesi akaigawa ikawa kadi tatu. Ya kwanza, gari na karatasi za hospitali, akaishika mwenyewe. Ya pili ilikuwa Kumtafuta mtoto wa Mwalimu.

"Ana mtoto?" nikauliza. Mwaka mzima tunafanya kazi na mtu, sikuwa najua.

"Anaye," Cheche akasema. "Mwalimu alinifundisha darasa la sita, na mwanawe tulikaa dawati moja. Wamekosana miaka kumi na miwili sasa. Yule bwana alikuwa hatoki kwenye mashine yake ya michezo. Siku moja Mwalimu akaitoa nje, akaipasua kwa nyundo mbele ya wageni. Akamwambia michezo hiyo ni ya watu waliokosa akili. Jamaa akachukua begi lake, hajarudi."

Nikakumbuka kijiko changu na yale maneno niliyomwandikia mzee.

"Kumbe," Nesi akasema polepole. "Na mimi nilidhani mzee anapenda zimamoto."

"Anapenda nini! Hawezi hata kuliwasha lile gari ndani ya mchezo. Alikuja kwetu kutubu, yule." Cheche akapiga kite. "Hii nashika mimi. Hata kama amehamia kaburini nitamchimbua."

Kadi ya tatu ilikuwa Kumleta Mchwa.

"Kumleta wapi?" nikauliza.

"Kwa Mwalimu, ana kwa ana," Nesi akasema. "Aliyemfunga ndiye atakayemfungua. Simu mbovu au nzima, aje. Dada, wewe ndiye uliyemwingiza kwenye kikosi. Shika."

Nikaandika "nimeshika". Ningefanya nini tena?

Jioni hiyo, kwa jina la Mchwa, nikamwandikia Mwalimu: "Nilikosea, Mwalimu wangu. Iache hiyo kadi. Nenda hospitali Alhamisi, nakuomba."

Jibu lilichukua karibu saa nzima. Yule mtu aliyekuwa akinisahihisha nukta, herufi zake sasa zilikuwa zinapandana. Nikasoma kwa kubahatisha:

"Nitakwenda ukija mwenyewe. Nilikujua tangu siku uliponiandikia maneno ya baba yako. Yalikuwa maneno yangu. Ile nyundo niliitupa. Njoo, mwanangu, nikuone kabla hawajanifunga jicho."

Simu ikanitoka mkononi, ikaanguka kwenye kapu la nguo.

Shemeji alikuwa palepale na pasi yake. Nikamweleza yote, maana hapakuwa na mwingine wa kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka pasi wima.

"Mwambie ukweli."

"Nikimwambia ukweli hatakwenda. Atakuwa hana jicho wala mtoto."

"Na usipomwambia?"

"Atakwenda."

"Basi unajua utakachofanya, ndiyo maana unaniuliza mimi nikukataze." Akachukua shati jingine. "Na nikuambie mapema kabla hujaniomba: mimi siendi kujifanya Mchwa. Nina watoto wa kulea."

Nilikuwa karibu kumwomba, kusema kweli.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini. Njia nzima nilipiga moyo konde, nikirudia maneno ya kumwambia Mwalimu. Yalikuwa maneno manne tu, Mchwa ni mimi, nisamehe. Nikayarudia mpaka mlangoni kwake.

"Hodi."

"Karibu! Karibu, mwanangu, karibu!"

Kigoda kikaanguka. Alikuwa amesimama katikati ya sebule amevaa koti lililopigwa pasi, amenyoa ndevu na kujikata kidevuni. Begi la hospitali lilikuwa karibu na mlango. Mezani kompyuta yake ilikuwa imekuzwa maandishi mpaka kioo kizima kinabeba maneno matatu. Kando yake palikuwa na vikombe viwili, kimoja kimefunikwa kisahani.

"Ni mimi, Mwalimu. Mama Ubao."

Uso ukamshuka. Kisha adabu ikamrudia.

"Karibu, binti yangu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, kule mwanga unakotoka, kana kwamba nimekosea hesabu. Nje Nesi akapiga honi. Ilikuwa saa saba na nusu, na hospitali ni mwendo wa dakika kumi.

"Mwalimu, gari limefika. Lakini kabla hujatoka nina jambo la kukuambia. Mchwa..."

"Ngoja." Akanyoosha mkono, ukatafuta bega langu mpaka ukalipata. "Mimi ndiye nianze. Wale wenzako nawapenda, ila Cheche ana mizaha, na Nesi atasema lolote ili nipande gari. Wewe ni mtu wa sheria. Wewe ndiye uliyetukataza kusema imekamilika wakati haijakamilika. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Mchwa ni mwanangu, au siye?"

Nikalitazama lile begi la hospitali.

"Ukiniambia siye, sitakulaumu," akaendelea. "Nitakaa hapa nimalize kadi yangu. Jicho moja, binti yangu, nalitunza nimwone nani?"

Honi ikalia tena.

"Ndiye," nikasema.

Akakaa kwenye kiti kama aliyesukumwa. Machozi yalitoka kwenye macho yote mawili, lile zima na lile lililokufa, na sikujua kwamba jicho lililokufa linaweza kulia.

"Mbona hakuja, basi?"

"Atakuja hospitali. Atakuwepo watakapokufungua jicho."

"Yuko njiani?"

"Yuko njiani," nikasema, kwa sauti ileile ninayoitumia dirishani kila siku.

Akainuka bila kusaidiwa. Nilimpeleka mpaka garini ameshika bega langu, hatua zake nyepesi, akinisimulia mwanawe alivyokuwa mtoto akiogopa radi. Kila neno lilinichoma. Alipoketi Nesi akamfunga mkanda.

"Mwalimu, leo mbona unatabasamu hivyo?"

"Mwanangu yuko njiani. Miezi minne tunaandikiana kila jioni, na mimi nimenyamaza nisimtishe."

Nesi akanitazama juu ya kichwa cha mzee, paji limemkunjamana. Nikajitia kutafuta ufunguo wa nyumba. Gari likaondoka.

Nikarudi ndani kufunga madirisha. Nikakisogeza kile kikombe kilichofunikwa, nikakirudisha kilipokuwa. Kisha nikatoa simu, nikafungua kadi ya Kumleta Mchwa, na kwa mazoea ya mwaka mzima nikaandika "imekamilika". Ikageuka kijani.

Sikuwa nimeirudisha simu mkobani ilipotetemeka. Kadi ya Cheche nayo ilikuwa imegeuka kijani.

"Imekamilika," Cheche aliandika. "Nimempata! Anauza spea za pikipiki mtaa wa pili kutoka karakana yangu, miaka yote hii! Nimemwambia habari ya jicho, kaacha duka wazi. Tuko njiani kwenda hospitali."

Nilikaa kwenye kiti cha Mwalimu. Kwa dakika nzima nilifurahi, msomaji. Nilidhani uongo wangu umelipiwa deni na mtu mwingine, na kwamba Mungu ana huruma hata kwa makarani wa maji.

Kisha ukaja wa pili, na huu ulikuwa kwangu peke yangu.

"Mama Ubao, Nesi kanipigia sasa hivi. Eti Mwalimu anadai kaandikiana na mwanawe miezi minne. Huyu niliyempakia hapa nyuma ya pikipiki hajamwandikia baba yake hata salamu, na neno Mchwa kalisikia kwangu leo. Kanisimamisha njiani. Anataka kumjua aliyejifanya yeye kwa baba yake. Anasema ataanza kumuuliza mzee mwenyewe, kabla ya kisu. Na mimi pia nataka kumjua."

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nane kasoro robo.

Nikaibonyeza kadi yangu ya kijani ili niifungue. Kikatokea kile kisanduku nilichokiweka kwa mikono yangu mwenyewe. Andika sababu.

Nikaandika maneno matatu: Mchwa ni mimi.

Yalikuwa bado hayajaenda. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikiyatuma, simu zote zinalia kwa pamoja, na tangu Mwalimu aanze kupapasa ukuta Nesi ndiye anayemsomea ubao kwa sauti. Mzee atashuka kitandani atafute njia ya kurudi kwenye kompyuta yake. Nisipoyatuma, mwanawe ataingia kwenye chumba kile na kumwambia hayo hayo kwa hasira, na mimi sitakuwepo hata kuomba radhi.

Mkobani simu ya pili ikaanza kuita.

Nilidhani nimesikia vibaya. Namba ile ni ya Mchwa, mwenye simu mbovu isiyopokea sauti, na katika miezi minne haijawahi kupigiwa na mtu. Nikaitoa, ikaendelea kuita kiganjani mwangu.

Aliyekuwa anampigia Mchwa alikuwa Mwalimu.